Mkono Mzito Si Dawa ya Kila Maumivu

Kwa miaka mingi niliamini kwamba masaji isiyouma haijafanya kazi. Imani hiyo niliipata nyumbani, kwani bibi alipotuchua miguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, aliyelia ndiye aliyehesabiwa kuwa amechuliwa sawasawa. Kumbe mguu ulioteguka leo na kuvimba hautakiwi kuchuliwa wala kupashwa moto siku hizo za mwanzo. Unatakiwa kupumzishwa na kuwekewa barafu.

Nilipoanza kazi ya uhasibu, ya kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni, mabega yalikaza kiasi kwamba kila alasiri kichwa kiliniuma. Nikaenda mahali fulani hapa Dar es Salaam, nikasoma orodha ya bei ukutani, nikachagua masaji ya kukandamiza misuli ya ndani kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Mkandaji hakuniuliza neno. Alipitisha kiwiko kando ya uti wa mgongo, nami nikauma meno na kuzuia pumzi, na kesho yake nilishindwa kugeuza shingo ili kuangalia magari kabla ya kuvuka barabara.

Mkandaji aliyenisaidia baadaye alikuwa mama wa makamo ambaye, kabla sijavua hata viatu, aliniuliza maumivu yameanza lini, ninalala ubavu gani, ninatumia dawa gani, na kama vidole vyangu hufa ganzi. Alinieleza kwamba msuli ukibanwa ghafla hujikaza zaidi ili kujilinda, na kwamba kushika kwangu pumzi kungetosha kumwonyesha yule wa kwanza kuwa amezidisha. Akaanza na ile inayoitwa masaji ya Kiswidi, yaani viganja vyenye mafuta vinavyoteleza taratibu na kukanda misuli, kisha ndipo kidole gumba kikatulia juu ya kinundu kimoja tu, chini ya bega la kulia, mpaka kikalegea. Jina hilo la Kiswidi huhusishwa na Per Henrik Ling wa Sweden, ingawa mbinu zenyewe zilipangwa na daktari Mholanzi, Johan Georg Mezger, katika karne ya 19. Kwa hiyo naona ni heri kuuliza mkono utafanya nini kuliko kutegemea jina lililoandikwa ukutani.

Tangu hapo huchagua kwa kusikiliza mwili unalalamikia nini. Nikiwa nimechoka na usingizi hauji, mkono mwepesi wa polepole hunitosha. Nyonga zikikakamaa kwa kukaa sana, hupenda masaji ya Kithai, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2019 kuwa urithi wa utamaduni: hulala mkekani nikiwa nimevaa nguo, bila mafuta, na viungo hunyooshwa kimoja kimoja. Mtu mwenye mifupa dhaifu asikubali kuvutwa namna hiyo. Mjamzito naye hulazwa ubavu, akaegemezwa mito, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Kuhusu desturi yetu ya kumkanda mzazi tumbo kwa maji ya moto, nasema kwa heshima zote kwa mama zetu kwamba mwenye mshono wa upasuaji asifanyiwe, kwa kuwa maji hayo huunguza na mkono unaweza kuumiza kidonda.

Kuna wakati jibu sahihi ni kutokandwa kabisa. Mama mdogo alifika kwangu kutoka Mwanza baada ya kukaa ndani ya basi mchana na usiku, akilalamika kwamba kigimbi cha mguu wa kushoto kinamuuma. Kilikuwa kimevimba, kina joto, na kinang'aa, ilhali cha kulia kilikuwa cha kawaida. Nilikwisha kumimina mafuta kiganjani wakati jirani yangu, ambaye ni muuguzi, alipoingia, akanishika mkono na kusema, "Usimguse hapo, mpeleke hospitali." Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha bonge la damu lililoganda ndani ya mshipa, na daktari akatueleza kwamba kulichua kungeweza kulibandua likasafiri hadi mapafuni. Mama mdogo alianzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, na kwa miezi yote aliyozitumia hakuna aliyemkanda kwa nguvu, maana dawa hizo hufanya damu ivilie chini ya ngozi kwa urahisi.