Stelingi Hafi, Walituambia

Ng'ambo, Tabora. Jumanne, saa tano na nusu usiku.

Kuna sahani ya chips mayai na soda moja ambayo haijalipwa tangu 2013. Mdai ni rafiki yangu, fundi cherehani wa Kanyenye, au ni mimi. Tuliwekeana dau siku tuliyotoka kwenye banda la video, mimi nikiapa kwamba yule mzungu alipona, yeye akiapa kwamba alikufa. Leo nimeiona tena ile filamu, safari hii nzima, mpaka jina la mwisho lilipomaliza kupanda kwenye skrini. Nimeiona na baba mdogo, aliyekuja jana kutoka Sikonge na madumu yake matatu ya asali. Nadhani nimeshindwa dau. Ngoja nieleze kabla usingizi haujanipitia.

Filamu yenyewe ni The Grey, ya Joe Carnahan, iliyoingia kwenye majumba ya sinema Marekani mwanzoni mwa 2012. Kwetu ilifika ikiwa imeshatiwa sauti ya DJ, yule anayesimulia filamu kwa Kiswahili. Banda lilikuwa la mabati, pazia jeusi mlangoni, TV ya chogo juu ya meza, shilingi mia mbili mlangoni na ukikosa benchi unakaa chini. Stelingi alikuwa Liam Neeson, ambaye sisi tulimwita "mzee wa binti", kwa sababu kila mtu pale ndani alishamwona akienda Ufaransa kumkomboa binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Mtu kama huyo utamwambia nani kwamba ameliwa na mbwa?

Kwa ambaye hakuiona: Ottway, ndiye huyo Neeson, ameajiriwa kwenye visima vya mafuta huko Alaska, kazi yake kuwapiga risasi mbwa mwitu wasiwasumbue wafanyakazi. Usiku mmoja anaandika barua kwa mkewe, anatoka nje kwenye theluji, anapiga magoti na kuweka mdomo wa bunduki kinywani. Mbwa mwitu analia kwa mbali, naye anaacha. Kesho yake anapanda ndege pamoja na wenzake, ndege inaanguka nyikani, wanabaki watu saba. Mbwa mwitu wanaanza kuwamaliza mmoja mmoja. Si wote wanaokufa kwa meno: mmoja anamalizwa na baridi na kukosa pumzi, mmoja anaanguka kutoka juu walipokuwa wakivuka korongo, mwingine anazama mtoni mguu wake ukiwa umenasa. Mwisho anabaki Ottway peke yake, uso kwa uso na dume kubwa la kundi. Anavunja vichupa vya pombe vya kwenye ndege, anavifunga kwenye vidole kwa solotepu, kisu mkono wa pili, anasema shairi la baba yake, anainuka. Giza. Filamu imekwisha.

Sasa, giza lile DJ wetu hakuliacha likae. Aliingia nalo kwa sauti yake nzito: mzee mzima akamrukia, akamchinja mfalme wa mbwa mwitu, na asubuhi ndege ikaja kumchukua, mambo yamekwisha wapenzi watazamaji! Muziki juu. Mwenye banda akatoa diski saa ileile maana saa kumi na mbili kulikuwa na mechi. Sisi tukatoka tukipiga mbinja.

Nje, fundi (wakati huo alikuwa bado anajifunza kushona) akasema, "Mimi nimeona giza tu. Hayo mengine ni maneno ya DJ." Nikamjibu kwa kanuni ambayo kila mtoto wa banda anaijua: stelingi hafi. Tukaweka dau.

Nimeanza na hilo la DJ kwa sababu leo nimegundua kwamba halikuwa uongo wake pekee. Mwanzoni kabisa, Ottway anapomwandikia mkewe, DJ alituambia mke amemkimbia kwa sababu ya ulevi. Nilikaa na maelezo hayo miaka yote. Leo, karibu na mwisho, ile picha ya mke amelala ubavuni, ambayo inarudirudi filamu nzima, ikasogezwa nyuma kidogo na tukaona dripu imening'inia juu ya kitanda.

Baba mdogo akasema, "Alaa. Kumbe ni marehemu."

Akanyamaza muda mrefu. Mama mdogo tulimzika mwaka juzi. Nikajifanya narekebisha waya wa chaji.

(Neeson mwenyewe alifiwa na mkewe, Natasha Richardson, Machi 2009, baada ya kuanguka akiteleza kwenye theluji huko Quebec. Sikumwambia baba mdogo. Nilihisi ningekuwa namwongezea mzigo mtu aliyekuja kuuza asali.)

Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshanichosha kwa kicheko. Baba mdogo ni mrina asali tangu ujana wake. Amelala kambini huko Ugalla miaka mingi, tangu lilipokuwa pori la akiba hadi 2019 lilipofanywa hifadhi ya taifa. Mbwa mwitu anawajua kwa macho. Kwa hiyo macho yale ya kijani yalipowaka gizani na mimi nikamnong'oneza kwamba hao ndio mbwa mwitu, aligeuka akanitazama kama nimemtukana.

"Hao? Mbwa mwitu masikio yake mviringo, makubwa, na mwili una mabaka, meusi, meupe, ya kahawia. Tena anawinda mchana. Mbwa mwitu gani huyu wa rangi moja?"

Nikamweleza kwamba ni jina tu, Kiswahili kimemwazima mnyama wa kwetu kumtaja mnyama wa kwao, kwa sababu yule wa kwao hapa hayupo. Hakuridhika. Akasema basi aitwe jina lingine, maana watoto wakiona hivi watawaua wa Ugalla bure, na wa Ugalla hawana habari na mtu. Nilitaka kubisha nikakuta sina hoja. Hata hao wa Alaska filamu imewasingizia: visa vya wao kumuua mtu Amerika Kaskazini ni vichache mno, ingawa kimoja kilitokea Alaska hukohuko Machi 2010, karibu na kijiji cha Chignik Lake. Hawa tunaowaona ni vinyago vya mashine na michoro ya kompyuta. Baridi ndiyo ya kweli, maana walipigia picha Smithers, kule British Columbia, Kanada, kwenye theluji halisi, na ukitazama pua za waigizaji unaamini.

Hoja yake ya pili ndiyo iliyonifanya nisimamishe filamu. Aliuliza kwa nini wameiacha ndege. "Mtu akipotea porini anakaa palipo na kitu kikubwa kinachoonekana. Ndege ni bati tupu, inang'aa. Wao wanakwenda wapi?"

Nikamkumbusha maneno ya Ottway: kwamba huenda wameangukia karibu na pango la wale wanyama, na wanyama wanawaua kwa sababu ya kulinda pango, kwa hiyo dawa ni kuondoka pale, kuelekea kwenye miti. Baba mdogo akakubali kwa shingo upande. Tukaendelea. Watu wakaendelea kupungua. Na mwishoni Ottway amekaa chini, anapanga pochi za wenzake marehemu moja juu ya nyingine, anatazama picha za watoto wao, ndipo anapoinua macho na kuona mifupa, na wanyama wanamzunguka. Pango ni hilohilo. Siku zote zile alikuwa anawaongoza kuelekea pangoni.

"Ahaa!" baba mdogo akapiga paja. "Huyu ni mlembe aliyenyimwa nta!"

Wasio wa huku niwaeleze. Mlembe ni yule ndege mdogo anayemwita mrina asali kwa kelele, anaruka mti kwa mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Ukishalina, unamwachia sega lake, maana yeye anakula nta na majana, yaani watoto wa nyuki. Wazee wanasema ukimnyima, siku nyingine atakuita vilevile, kwa sauti ileile, nawe utamfuata vilevile, ila safari hii atakufikisha kwa simba au kwa chatu. Baba mdogo anasema mwenyewe hajawahi kufikishwa kwa simba, lakini pia hajawahi kumnyima.

Nilimuuliza basi Ottway amenyimwa nini na nani. Akafikiri. Akasema, "Mkewe."

Sijui kama nakubali. Mlembe wa kwenye simulizi anajua anakokupeleka, na Ottway hakujua. Lakini tangu aliposema hivyo sioni tena kama nilivyoona 2013, kwamba ni shujaa anayewaokoa wenzake akazidiwa. Naona mtu aliyetaka kufa siku ya kwanza, akazuiwa na mlio wa mnyama, kisha akatembea siku kadhaa theluji ikiwa kiunoni, na wenzake wakimfuata, mpaka kwenye mlango wa mnyama yuleyule. Kati ya hapo alipigana kweli, hilo simnyang'anyi. Alimtukana Mungu mtoni, akamwambia afanye kitu sasa hivi, akangoja, mbingu zikakaa kimya, akasema basi atafanya mwenyewe. Pale DJ wetu, nakumbuka, alimfanya aombe kwa unyenyekevu. Labda mwenye banda alikuwa mcha Mungu.

Tuje kwenye giza.

Baada ya giza, majina yakaanza kupanda. Baba mdogo akanyanyuka aende kulala, nikamshika kanzu. Nilishasoma kwamba kuna kipande baada ya majina. Tukakaa tukitazama majina ya wapishi na madereva wa wazungu. Kisha kikaja, sekunde chache tu: ubavu wa mnyama mkubwa, amelala, anapumua kwa shida. Na nyuma ya kichwa cha mtu, kimeegemea ule ubavu. Basi.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Tena. Mara ya tatu akasogea mpaka pua yake ikakaribia skrini, akaweka kiganja chake juu ya ubavu wa yule mnyama, kwenye kioo cha kompyuta yangu, kama anapima homa ya mtoto.

"Huyu anapumua," akasema. "Huyu mwingine simwoni."

Hapo ndipo nilipokumbuka mwanzo. Kabla ya barua na bunduki, Ottway anampiga risasi mbwa mwitu aliyekuwa anawakimbilia wafanyakazi, anamfuata alipoanguka, anaweka mkono juu ya mwili wake na kuuacha pale mpaka pumzi inapokata. Na baada ya ndege kuanguka, anakaa na majeruhi mmoja, anamwambia ukweli kwamba anakufa, asiogope, anambembeleza mpaka anatulia. Mtu huyu kazi yake filamu nzima ni kukaa na anayekata roho. Kile kichwa kwenye ubavu, kwangu mimi, ni kazi ileile. Ila sasa wanaokata roho ni wawili, na pumzi inayoonekana ni ya mnyama. Shairi la baba yake nalo linasema wazi kuhusu kuishi na kufa katika siku ileile moja. Nimeshaamua: alikufa. Labda dakika tano baada ya mnyama, labda kabla.

Baba mdogo yeye hakuamua. Alisema mtu akichoka sana analala popote, hata kwenye mzoga, kwa sababu una joto. Alisema hivyo kama mtu anayejua, nami sikumchimba.

Nikampigia fundi usiku uleule. Nikamwambia nimekubali, kafa, njoo uchukue chips zako.

Akacheka sana. Akasema, "Mimi nilishahama zamani. Wanangu waliniuliza mwaka jana, tuliiona kwenye simu, nikawaambia kapona. Nitawaambiaje watoto saa tatu usiku kwamba baba wa watu kaliwa?"

"Kwa hiyo dau?"

"Kwa hiyo unanidai wewe. Au hakuna anayedai. Lala."

Kwa hiyo hesabu imegeuka kichwa chini miguu juu, na chips bado hazijalipwa.

*

Jumatano, asubuhi. Naongeza kidogo.

Nimemsindikiza baba mdogo stendi kupanda gari la Sikonge. Madumu yameuzwa mawili, la tatu ameniachia, asali ya miombo, nyeusi kidogo, ile ninayoipenda. Alikuwa ameshakaa dirishani, konda anapiga bodi, ndipo akanichungulia.

"Mwanangu, na yule aliyebaki mtoni?"

Ilinichukua muda kujua anamsema nani. Diaz. Yule mkorofi, aliyeanza kwa kuiba pochi za maiti na kutishia watu kwa kisu. Kabla ya mtu kuzama, wakiwa wamebaki watatu, goti limeharibika, anakaa chini kando ya mto, anautazama mlima, anasema haendi tena popote, hapa panamtosha. Wanaagana naye kwa majina, yale ya nyumbani. Wenzake wanaondoka. Tunasikia kitu kinasogea nyuma yake. Kamera inabaki naye, haigeuki kutuonyesha ni nini.

"Naye hatukuonyeshwa," baba mdogo akasema. "Mmebishana juu ya huyu wenu miaka kumi na zaidi. Yule je, mliweka dau gani?"

Nikamwambia hatukuweka. Yule hakuwa stelingi.

Gari likaondoka akiwa bado amenitazama.