Rota ilikuwa inatazama wapi?

Kobe ni Volkswagen ya mwaka 1969, injini 1300, niliyoachiwa na baba. Jumamosi asubuhi hapa Soweto, Mbeya, kwa baridi hii ya Julai inayogandisha vidole, nilimfunga kontakti pointi mpya, vile vidude vinavyoachana ili cheche iruke, nikazipa nafasi ya milimita 0.4, ndipo nikaingia kwenye taimingi, yaani kupanga wakati wa cheche kuruka. Pointi huanza, ukiigusa ile nafasi baadaye, taimingi nayo inahama.

Taa ya taimingi sina. Nina balbu ya indiketa ya volti 12 na nyaya mbili: mmoja naubana kwenye koili, pale unapotokea waya mwembamba wa distribyuta, kile kigawa cheche kwa silinda, mwingine kwenye bodi. Nikazungusha injini kwa spana mpaka alama ya puli ya chini ikalingana na ule mstari wa kati, nusu mbili za injini zinapokutana. Kwa injini hii, hapo ni nyuzi 7.5 kabla pistoni haijafika juu kabisa. Nikafungua swichi bila kupiga stata, nikalegeza boliti, nikageuza distribyuta taratibu kinyume cha saa. Balbu ikawaka: pointi zimeachana, ndipo cheche inaporuka. Nikakaza. Nikajiona fundi kweli.

Hadi Uyole, raha tupu. Tulipopita Igawilo na kuanza kupanda, gia ya tatu, nikasikia kama punje za mahindi zinatikiswa ndani ya debe. Nikilegeza mguu zinanyamaza, nikikanyaga zinarudi: injini inagonga, cheche inawahi. Mama watoto akapandisha kioo, kana kwamba kelele inatoka nje. Na huku kwetu hewa ni nyepesi, huisamehe injini iliyowahishwa kidogo; Dar ingegonga mpaka barazani wageuke. Nikageuza gari kabla ya Isyonje.

Jioni nikampigia mzee aliyekuwa akimtengeneza Kobe enzi za baba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeweka kwa silinda gani?"

"Namba moja, mzee."

"Rota ilikuwa inatazama wapi?"

Nikakosa jibu. Rota ni kile kidole kinachozunguka ndani ya distribyuta, kikipelekea kila silinda cheche yake. Puli huzunguka mara mbili rota ikizunguka mara moja, kwa hiyo alama ileile huja kwa namba moja, ikaja tena kwa namba tatu. Na distribyuta za zamani kama hii zilichongwa makusudi namba tatu ichelewe kama nyuzi 4, maana kipoza oili kinaiziba upepo, inachemka kuliko wenzake. Mimi nimeipa hiyo 7.5, basi zilizobaki zikawahi hadi 11 na ushee.

"Kuna mkato kwenye ukingo wa distribyuta," mzee akasema. "Rota iutazame huo. Baba yako aliupaka rangi ya kucha ya mama yako, wakagombana siku nzima."

Jumapili nilifuta ukingo kwa kitambaa kikavu. Mkato ule pale, na ndani yake chembe nyekundu.

Mchana tulinunua viazi Isyonje.