Nilivyotunga muziki wa Antaktika bila kutoka Malindi

Kila niliyemwambia kwamba nataka kutunga muziki wa Ncha ya Kusini alinipa jibu lile lile: pakua sauti za upepo mtandaoni, weka juu yake kinanda chenye mwangwi mrefu, basi. Hata mwenye studio mmoja hapa mjini, mtu ninayemheshimu kwa kazi zake za taarabu, aliniambia hivyo. Ushauri huo ni mbovu, na kwa mtu wa pwani hii ni mbovu zaidi, kwa sababu waimbaji wa Antaktika huja wenyewe mpaka kwetu. Nyangumi nundu hukaa majira ya joto ya kule wakila uduvi pembezoni mwa barafu, kisha kati ya Julai na Oktoba hivi huwa wako nje ya mwamba wetu wa Malindi na Watamu, kuzaa na kutafuta wenza. Na madume huimba. Sasa nipakue upepo wa nini?

Kumpa mnyama nafasi ya mwimbaji si jambo geni. Mwaka 1972 Mfini Einojuhani Rautavaara alitunga Cantus Arcticus, okestra inacheza pamoja na ndege waliorekodiwa kaskazini mwa Ufini. Ndege hawakuwekwa pale kama pambo, ndio wanaoongoza. Nilipousikia muziki ule nikafuta kila nilichokuwa nimeanza kwa kinanda.

Haidrofoni, yaani maikrofoni za chini ya maji, za kuagiza nje ni ghali, na ushuru juu. Yangu nimeitengeneza kwa kibati cha piezo, kile cha shaba kinacholia ndani ya saa za kengele, nikakilehemu na kukizamisha kwenye gundi ngumu ile ya kuchanganya. Ukikichomeka moja kwa moja kwenye rekoda besi yote inapotea, na nyangumi bila besi hakuna kitu. Fundi wangu wa redio aliweka transista moja ya FET, aina isiyonyonya umeme mdogo wa kibati, na betri ya volti 9 katikati, besi ikarudi. Vyote havikufika elfu tatu. Kilichokula pesa ni mafuta ya mashua.

Shida kubwa haikuwa maji kuingia, ilikuwa ni chombo chenyewe. Injini ikizimwa bado wimbi linainua mashua, waya unavutwa, kibati kinapanda na kushuka, na unachorekodi ni gu-gu-gu mwanzo mwisho. Mkondo nao ukiupiga waya uliokazwa, waya unatetemeka na kuvuma. Nikaambiwa nifunge jiwe zito. Jiwe likazidisha, maana sasa kila wimbi lilikuwa likivuta kwa nguvu zaidi. Dawa ilikuwa mpira. Nilikata tubu ya baiskeli vipande virefu, nikaviunga, nikaviweka kati ya boya na kibati, na jiwe dogo tu chini yake. Boya nikalisukuma mbali na mashua, na waya wa kutoka botini nikauacha umelegea, unaelea kwa vijiboya vya nyavu. Wimbi likija boya linapanda, mpira unanyooka, kibati kinatulia pale pale. Kisha ule uvumi wa mkondo nikauua kwa katani: nilichambua kamba kuukuu, nikafunga vishungi vyake kila shubiri moja ya waya, maji yakakosa pa kuupiga sawasawa. Wale wa jiwe zito wote wameuona mtambo huu na hakuna aliyerudia ushauri wake.

Siku tuliyompata nyangumi, nahodha ndiye aliyenitangulia kumsikia. Mimi nahangaika na hedifoni, yeye akasema, "Mwanangu, ngoja kwanza." Akachukua kasia, akatumbukiza bapa majini, akabana sikio kwenye mpini na kufumba macho. Kisha akanipa kasia bila kusema neno. Nikasikia kwa mfupa wa taya kabla ya sikio: mlio unaanzia chini kabisa, unapanda taratibu mpaka unakuwa kilio chembamba, unakatika. Kimya kidogo, halafu ule ule tena. Nilipowasha rekoda nikagundua mpangilio: kipande hurudiwa, kinafuata kingine, na wimbo ukiisha unaanza upya. Hatukumsogelea. Sauti ndani ya bahari husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya hewani, na anayemfukuza nyangumi kwa injini huondoka na sauti ya injini.

Kamba wadogo wa mwambani wanaofyatua kucha walijaa kila mahali kwenye rekodi. Kelele zao ziko juu, za nyangumi nyingi ziko chini, kwa hiyo kuzikata kwenye programu ni kazi ndogo.

Barafu nilipata bonge kutoka bohari ya samaki. Nilibandika kibati juu yake, nikaliacha juani likipasuka, nikarekodi kwa kiwango cha juu cha 96 kHz, yaani sampuli 96,000 za sauti kila sekunde, kisha nikapunguza kasi mara nne. Sauti ikashuka oktava mbili, na ule mpasuko mdogo ukawa mngurumo wa kutisha. Ila mchemko wa barafu ya kule hauigiki. Ile ni theluji iliyogandamizwa kwa miaka mingi na hewa ndani yake, ikiyeyuka baharini vile viputo hupasuka. Ya bohari haina. Kipimo changu kilikuwa maikrofoni ambazo taasisi ya Ujerumani ya Alfred Wegener ilizishusha mwaka 2005 chini ya barafu ya Ekström, huko huko Antaktika: humo unamsikia sili wa Weddell akipiga mluzi unaoporomoka. Nilisikiliza, sikuchukua hata sekunde moja.

Upepo nilishauriwa nirekodi mivinje ya ufukweni. Antaktika haina mti hata mmoja! Nilirekodi kusi ikipiga kamba za mlingoti, tanga limetuliwa. Theluji inayoburutwa na upepo ni kayamba, aliloliinamisha polepole mama mmoja mcheza ngoma wa Kigiriama, bila kulitikisa.

Wavuvi waliousikiliza muziki huu bandani waliomba urudiwe kuanzia anapoingia nyangumi. Msimu ujao nataka vibati viwili, kushoto na kulia. Nahodha ameshasema siku za bamvua tusitoke, maji hukimbia mno na waya hautulii hata kwa katani. Tutangoja maji mafu.