Kishikwambi hakijui saa ya Kiswahili: kuchuja wagonjwa wa utafiti vituoni Kigoma

Kupima kama dawa ya malaria bado inaponya, mwongozo wa WHO kwa maeneo yenye malaria nyingi huchukua watoto wa miezi 6 hadi 59, wenye joto la nyuzi 37.5 au zaidi kwapani au waliopata homa ndani ya saa 24, na vimelea 2,000 hadi 200,000 kwa mikrolita ya damu. Kuviingiza vigezo hivi kwenye ODK, programu ya kujazia fomu kwenye kishikwambi, ni kazi ndogo. Ugumu unaanza OPD (idara ya wagonjwa wa nje), foleni ikishafika nje.

Swali la kwanza liwe dalili za hatari. Mtoto ana degedege, hanyonyi, anatapika kila kitu au hajitambui? Fomu ijifunge na mtoto apelekwe kwa daktari hapohapo. Hakuna utafiti unaostahili kumchelewesha.

Umri usiandikwe kwa miaka. "Ana miaka mitano" inaweza kuwa miezi 58 au 66. Chukua tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi ya kliniki, fomu ihesabu miezi yenyewe. Kisha uliza "Amekunywa mseto?", yaani dawa ya malaria ya ALu, na uombe kuona pakiti, "dawa ya malaria" kwa wengine ni hata panadoli ya kushusha homa. Haya yote yaishe kabla ya kumchoma mtoto kidole.

Kipimo cha haraka kinachotafuta HRP2, protini ya kimelea cha malaria, hubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtoto kupona, kwa hiyo slaidi ya damu ya kusoma kwa darubini ni lazima. Hapa mtaalamu wa maabara aandike alichohesabu tu, mfano: vimelea 47 kwa seli nyeupe 200. Fomu ndiyo izidishe kwa 40 (seli nyeupe 8,000 zinazokadiriwa kwa mikrolita, gawanya kwa 200), ipate 1,880, imkatae mtoto kwa kuwa hajafika 2,000. Ukiacha azidishe yeye, siku moja utakuta namba imezidishwa mara mbili, na mtoto asiyestahili yumo ndani.

Kosa baya kuliko yote ni la saa. Mtoto ameanza mseto saa tatu asubuhi, muuguzi anaandika 3:00, kishikwambi kinaelewa saa tisa usiku. Dozi ya pili, ya baada ya saa nane, inapangwa 11:00, yaani saa tano asubuhi, badala ya saa kumi na moja jioni. Ondoa kabisa nafasi ya kuandika saa: dozi ya kwanza inapomezwa, muuguzi abonyeze kitufe na kifaa kigonge saa chenyewe.

Vijiji vya mwambao wa ziwa huko Uvinza mtandao ni wa kubahatisha. ODK huhifadhi fomu hadi upatikane, ila toleo la zamani nalo hubaki kifaani. Weka namba ya toleo ukurasa wa kwanza, msimamizi aikague kila asubuhi.

Na kila aliyekataliwa aandikwe, kwa namba bila jina, pamoja na sababu. Wengi wakianguka kwenye kigezo kimoja katika kituo kimoja tu, nenda ukakague kipimajoto chao na darubini yao kabla ya kuwalaumu wagonjwa.