Moshi kwa siku mbili: kabla hujapanda daladala

Mlima Kilimanjaro unaonekana vizuri kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi, na mara nyingine tena jioni kabla jua halijazama. Katikati hapo mawingu yanaufunika, na mgeni anayeamka saa 4 huondoka mjini bila kukiona Kibo, kilele chake kikuu. Kwa hiyo amka mapema, utazame upande wa kaskazini.

Katikati ya mji hapahitaji gari. Mnara wa saa, stendi na soko unavimaliza kwa miguu. Ukienda mbali kidogo, chukua bajaji au bodaboda, na bei mkubaliane kabla hujakaa.

Wengi hukosea wanapokwenda Marangu, kwenye miteremko ya mlima. Daladala inaishia Marangu Mtoni, lakini lango la Hifadhi ya Kilimanjaro liko juu zaidi, kilomita kadhaa za mlima mtupu. Hapo utahitaji bodaboda, tena ile yenye tairi zenye meno. Kuanzia Machi hadi Mei udongo mwekundu wa migombani unateleza kama sabuni. Viatu vya soli bapa viache mjini. Beba na sweta, maana huko juu baridi inauma hata kama Moshi kuna joto.

Chemka, chemchemi ya kuogelea, ni upande mwingine kabisa: shuka Boma Ng'ombe, barabara ya Arusha, umalizie kwa bodaboda kwenye vumbi. Maji yake ni vuguvugu tu, ila meupe mpaka unahesabu mawe chini. Jumapili panajaa. Nenda katikati ya wiki, tafadhali.