Kumbukumbu ya mandolini yangu: elfu themanini, miezi mitano

Januari

Nimeamua, ile mandolini ya elfu kumi na mbili naiweka kando. Mwaka mzima nimehangaika nayo nikidhani vidole vyangu ndo vizito. Jana nimepima na rula pale freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo), nyuzi ziko juu milimita 4 na zaidi, na inatakiwa iwe kama 2 hivi au chini kidogo. Halafu ukipanda juu inatoka kwenye tyuni kabisa, uzi wa D ukiupiga wazi ni D safi, ukibonyeza freti ya 12 unapata kitu kimepita D. Mzee anayepiga udi kwenye kundi letu la taarab aliniambia kwenye mazoezi, "Mwanangu, mkono wako uko sawa, chombo hicho ndicho kinakudanganya." Nilirudi nyumbani na hayo maneno mpaka usiku.

Zamu yangu ya chama imefika na nimeweka shilingi 80,000 pembeni. Hapa Mombasa kwa hizo pesa madukani sijaona kitu cha maana, zipo za bei ya chini na basi. Binti wa ami yangu anaishi London, anakuja mwezi wa tano inshallah, kwa hiyo atanunua yeye na kuibeba mkononi.

Februari

Nimesoma sana na nimeuliza mafundi, na kitu kinachojirudia ni mbao. Mandolini za bei rahisi uso wake ni plaiwudi, mbao nyembamba zimegandishwa tabaka kwa tabaka, na ile gundi inazuia uso usitetemeke vizuri. Inayotakiwa ni uso wa sprusi mzima uliochongwa, na mgongo na mbavu za mepo mzima. Utajuaje? Angalia ukingo wa tundu la sauti. Mistari ya mbao ikiwa inashuka moja kwa moja toka juu mpaka ndani, hiyo ni mbao nzima, na ukiona tabaka kama za keki ujue ni plaiwudi hata kama muuzaji ataapa.

Kwa bajeti yangu majina yaliyobaki ni Kentucky KM-150 na zile Eastman mbili, MD304 na MD305. Zote ni mbao nzima. Zote ni za umbo A, lile la tone la maji. Kuna umbo F lenye konokono pale begani na ncha zake, zuri sana kwa macho, Gibson walitoa F-5 yao mwaka 1922 chini ya Lloyd Loar na mpaka leo watu wanaiiga. Lakini lile konokono ni kazi ya mikono ya fundi na unailipia wewe, na sauti haiongezi kitu cha kusikika. Kwa pesa ileile A itakuwa imetengenezwa vizuri zaidi kuliko F. Hapo sikusitasita.

Machi

Nilipokwama ni tundu. MD304 ina tundu la yai, MD305 ina matundu ya f kama fidla. La yai sauti yake ni ya joto, inakaa hewani, ukiitetemesha pleki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) pole pole inakaribia utamu wa udi na moyo wangu ulikuwa huko. Ila mimi napiga taarab, nakaa katikati ya akodiani na fidla mbili, na sauti ya joto hapo inamezwa. Ya f inakata, inasikika. Nimechagua f kwa ajili ya kundi, ningekuwa napiga peke yangu barazani ningechukua yai.

Na kwa wenzangu wa taarab wanaofikiria chombo hiki, jueni jambo moja kabla hamjatoa pesa. Mandolini ina freti, kwa hiyo zile robo za sauti za makamu (ngazi za sauti za Kiarabu) kama Rast na Bayati hazimo, hata ununue ya bei gani. Udi na fidla hazina freti ndo maana zinafika kule. Nahawandi, Ajam, Hijazi na Kurdi unapiga bila shida, na nyimbo zetu nyingi ziko humo. Zikija za Rast mimi nashika mdundo tu na kumwachia mwenye fidla. Faida yake ni kwamba tyuni ni G D A E sawa na fidla ya kizungu, umbali wa vidole karibu uleule, nyuzi nane zimekaa mbili mbili.

Aprili

Dada, yule binti wa ami, kaingia duka moja London akanipigia video. Mpya zilikuwa zimepita bajeti, ila kulikuwa na MD305 iliyotumika kwa pauni 420, kama elfu sabini na kitu. Nikamwambia dada tafadhali sogeza simu kwenye tundu, akasogeza, nikaona mistari inashuka mpaka ndani. Nikamwambia bonyeza kila freti moja moja upige, tukasikiliza zote, hakuna iliyokoroma. Akaiangalia shingo toka kichwani kama mtu anavyoangalia ubao kama umepinda, akasema imenyooka. Nikasema chukua.

Mei

Imefika! Ndani ya kesi ngumu, imekaa na dada kwenye ndege, nyuzi tulizilegeza kidogo. Siku ya kwanza nilipima freti ya 12, milimita 1.8. Baada ya wiki mbili ikawa 2.3, na hilo sikulishangaa, imetoka London kwenye hewa kavu ya hita ikaja kwenye unyevu wa pwani, uso wa mbao nzima unavimba na kuinua briji, kile kibao kinachobeba nyuzi. Briji yake ina vigurudumu viwili vidogo vya shaba, nikalegeza nyuzi nikavizungusha kidogo kidogo, upande wa nyuzi nene kisha upande wa nyembamba, nikarudi 1.8.

Kisha nikaweka simu yenye tyuna mezani. Freti ya 12, kwanza kugusa tu bila kubonyeza, halafu kubonyeza, na namba zilingane. Ya kubonyeza ilikuwa juu kidogo, nikasukuma briji nyuma kuelekea mkiani, upana wa kucha tu, na sindano ikasimama katikati kwa zote mbili. Nilikaa nikiipiga ile D mara kumi na tano bila kuchoka.

Ijumaa nimeipeleka mazoezini. Mzee wa udi hakusema kitu, aliichukua mkononi, akaipiga Hijazi polepole, akanirudishia, akatyuni udi wake kwa kufuata A yangu.

Nyuzi zilizomo zimechakaa, seti ya EJ74 iko njiani. Ntazibadilisha mojamoja, maana briji haijagandishwa, inashikwa na mkazo wa nyuzi tu, ukizitoa zote inaanguka na pale mahali pake unapapoteza. Nimeshapawekea alama ya penseli, pande zote mbili.