Kidonge cha Alfajiri

Busha nililificha miaka minne. Kwetu Mikindani si ugonjwa wa ajabu: mbu wanauma, minyoo inaingia, baada ya miaka mwanaume anahama suruali na kuhamia msuli. Kulijua tunalijua, kulitaja ndiyo kazi. Aliyechoka kwanza ni mke wangu. "Baba watoto, hilo utazikwa nalo?"

Daktari alisema operesheni yenyewe ndogo. Kilichomkwaza ni sukari yangu, kipimo kilisoma 14. Akanirudisha nyumbani wiki tatu, maana sukari ikiwa juu kidonda hakifungi upesi na usaha hukipenda. Ilikuwa Oktoba, mabibo yamezagaa chini ya mikorosho, harufu yake inakufuata mpaka kitandani, na mimi napita nikiangalia pembeni. Niliporudi nilisoma 8.

Usiku wa kuamkia operesheni nesi akaniambia, "Mzee, kuanzia saa sita usile wala usinywe. Kesho wewe wa kwanza, wenye sukari tunawatanguliza." Nikatii. Ila alfajiri, baada ya swala, mkono ukaenda wenyewe kwenye kikopo cha dawa. Nikameza glibenklamaidi yangu, kidonge cha kushusha sukari, kwa funda moja la maji, nikajiona mgonjwa mwema.

Akaletwa mama mjamzito wa dharura, halafu umeme ukakatika. Saa nne bado nipo wodini. Jasho la baridi likanitoka mpaka shuka ikaniganda mgongoni, midomo ikafa ganzi, mikono inatetemeka. Nikamgeukia mjomba wangu, mjomba kabisa, mtu ambaye kwetu hujibizani naye, nikamfokea aache kunikodolea macho kama anayenidai.

Mzee wa kitanda cha pili ndiye aliyeita. "Sista, huyo sukari imemshuka! Marehemu mke wangu alikuwa hivyo hivyo."

Wakanitoboa kidole: 2.6. Glukosi ikapitishwa kwenye mshipa, na baada ya dakika chache nikaanza kusikia tena kelele za wodi.

"Mzee, asubuhi umemeza nini?"

Nikamwonyesha kikopo. Nesi akafumba macho.

"Nani alikwambia umeze?"

"Nani aliniambia nisimeze?"

Hakujibu. Alichukua kalamu akaandika kwenye faili langu, maneno mengi kuliko yote yaliyokuwamo. Hasira zangu zikaishia hapo, ingawa mpaka leo naona sentensi moja tu ingetosha jana yake.

Walinipasua kesho yake, kikopo kikiwa kwenye mkoba wa mke wangu. Sindano ya mgongo, miguu ikawa kama ya mtu mwingine, nami nimelala nawasikia wanabishana bei ya korosho. Nilichangia.

Jioni mjomba akaja na mtindi. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Ile ilikuwa sukari, najua." Akaketi, akanyoosha kanzu yake. "Ila zile kilo zangu arobaini za korosho unazodaiwa sijazisahau."